Barakoa anavaa, maziwa anakunywa. Dawa ya nyanya imempata wapi mdogo wangu?

MamaMatenga (Ilula) anauliza:

Kamwene, na shikamooni wakubwa.

Nalima nyanya hapa Ilula, ekari moja na nusu, huu msimu wa sita. Jumatano iliyopita mdogo wangu alikuwa ananipigia dawa ya kantangaze, yule kiwavi wa nyanya. Ana miaka 22, namlipa kama kibarua mwingine, na kazi ya bomba la mgongoni ameishika tangu amalize kidato cha nne. Alianza saa mbili asubuhi, saa sita hivi akawa bomba la tisa. Nikamkuta amekaa kwenye tuta, kichwa katikati ya magoti. Nikadhani njaa. Aliponyanyua uso, jasho linamtiririka kama katoka mtoni, mate yanamchuruzika kama mtoto anayeota meno, na shavu la kushoto linachezacheza lenyewe. Akaniambia, "Dada, mbona kuna ukungu?" Jua la saa sita, mwezi wa tisa. Hakukuwa na ukungu wowote.

Zahanati ya kwanza (jina nitaliacha) walimpima malaria, haikuonekana, wakampa vidonge vya tumbo. Tukapanda bodaboda tena mpaka kituo kingine. Pale daktari kijana akammulika macho kwa tochi ya simu, akasema mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, akaniuliza, "Huyu alikuwa anapiga dawa? Dawa gani?" La kwanza nilijibu, la pili nikabaki nababaika. Akamchoma sindano ya atropini, wakarudia na kurudia mpaka mate yakakauka. Amelala pale siku mbili. Sasa yuko nyumbani, anakula, ila mnyonge.

Kinachonisumbua ni hiki. Kijana huyu barakoa anavaa, ile ya kitambaa tuliyobaki nayo tangu korona. Miwani ya jua anavaa. Upepo anauangalia, hapigi dawa ikimrudia usoni. Maziwa anakunywa nusu lita kabla na nusu lita baada, hilo mama yetu alitufundisha na hatujawahi kuliacha. Dawa nilinunua kwa mtu ninayemwamini, ya kupima, kwenye chupa ya maji, maana hela ya lita nzima sikuwa nayo. Sasa imempata wapi?

Halafu Jumatatu anataka kurudi shambani, anasema mistari ya chini haijapigwa. Nimwachie?

---

Kahawa_Tupu:

Pole dada, lakini vijana wa siku hizi mnadeka. Baba yangu kapiga mrututu kwenye kahawa kifua wazi zaidi ya miaka thelathini, jioni anaogea maji ya mfereji, kafa na miaka 84 na meno yake yote. Mpe uji wa ulezi huyo, kesho kutwa yuko fiti.

---

KauntaYaZamani:

MamaMatenga, pole, na Mungu amzidishie huyo daktari wa tochi ya simu.

Kahawa_Tupu, mrututu ni shaba. Hutibu ukungu wa mmea, haukamati neva za mtu. Alichopigia huyu kijana, kwa dalili alizozieleza dada, ni ukoo mwingine kabisa: oganofosfeti, wale akina profenofosi, klorpirifosi na dimethoeti. Hao wanaua mdudu kwa kuvuruga neva zake, na neva zako na za mdudu zinafanya kazi kwa utaratibu ule ule. Mzee alikuwa na bahati ya kukutana na dawa tofauti, basi.

Mimi sina karatasi ya chuo. Nimekaa kaunta ya duka la pembejeo miaka tisa, mji mmojawapo kwenye hiyo hiyo barabara kuu yenu, na kabla ya hapo nilikuwa kibarua wa bomba. Naanza kwa kuungama: hizo chupa za maji nimezijaza kwa mikono yangu, sijui ni mamia mangapi. Tulikuwa na kopo la lita tano nyuma ya pazia na kifaneli cha bluu. Mteja ana elfu tatu, unampimia ya elfu tatu. Mkaguzi akisikika yuko mjini, chupa zote zinaingia chini ya gunia la pumba. Kwa hiyo usimchukie sana huyo unayemwamini. Ila usinunue tena kwake kwa mtindo huo, nitarudi kwenye hilo.

Imempata wapi? Kwenye ngozi. Sisi wakulima tunaogopa harufu, kwa hiyo tunalinda pua, na mwili wote uliobaki tunauacha uwe sponji. Dawa hizi za maji maji zinazogeuka kama maziwa ukizitia kwenye bomba zina kiyeyushi cha mafuta ndani yake. Kazi ya yale mafuta ni kusaidia sumu ishike jani na kupenya gamba la mdudu. Ngozi ya mgongo wa mtu nayo haiwi kizuizi cha maana, hasa ikiwa na joto na jasho.

Sasa niambie. Nani alifungua chupa, na alipimia nini? Nakuuliza kwa sababu saa ya hatari kuliko zote ni ile dakika moja ya kupima, kabla hata bomba halijapanda mgongoni. Tuseme lebo ingesema mililita 30 kwa lita 20. Gawanya mwenyewe: kila tone la chupani linachanganywa na matone zaidi ya 660 ya maji. Maana yake tone moja zima la chupani likimwangukia kidoleni, ni sumu ile ile ambayo ingekuwa kwenye matone zaidi ya 660 ya bomba, yote mahali pamoja. Na yeye alipima mara tisa. Kama alipimia kifuniko, na kifuniko cha chupa ya maji hakina mdomo wa kumiminia, vidole vyake vimeoga mara tisa. Kama alikoroga kwa mkono, ndiyo tusiseme.

Jambo la pili ni bomba. Bomba la lita 20 likijaa ni zaidi ya kilo 20, na kantangaze anakulazimisha uiname upulizie chini ya majani. Kila ukiinama, kifuniko kilicholegea kinamwaga shingoni. Mpira wa pampu ukichakaa, dawa inashuka kiunoni. Langu lilikuwa limefungwa kwa tyubu ya baiskeli. Kuanzia bomba la pili mgongo wangu ulikuwa umelowa chapachapa, na siku zote nilijua ni jasho! Unajifuta, unaendelea. Dawa inajificha ndani ya jasho, na hakuna wa kukuambia.

Fanya jaribio moja, halikugharimu kitu. Osha bomba nje vizuri, na ndani usuuze, halafu jaza maji matupu. Mtu avae shati jeupe kavu au shuka la zamani mgongoni, apige maji kwenye mistari mitatu kwa namna ile ile anavyopiga dawa, kuinama na yote. Afanye asubuhi na mapema kabla jua halijamtoa jasho. Kisha avue shati, mlitazame. Palipolowa ndipo panapompata. Rudi utuambie.

Barakoa ya kitambaa: inazuia vumbi kidogo. Ikilowa dawa inageuka kitambaa cha dawa kilichofungwa puani. Inayozuia mvuke ni ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa pembeni.

Maziwa: samahani kwa mama. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaoshi oganofosfeti kwenye damu. Halafu jiulize, kikombe alikishika kwa mkono upi? Ule ule uliopima.

---

Nesi_wa_Zamu:

Nijibu hilo la Jumatatu: asirudi. Sisemi apumzike kidogo tu, nasema asiguse bomba kwa wiki kadhaa, mpaka kituo kilichomtibu kimwangalie tena.

Dawa hizi zinafunga kimeng'enya kinaitwa kolinesterasi. Ndicho kinachouzima ujumbe wa neva baada ya kufika. Kikifungwa, ujumbe hauzimiki: mate yanatoka, jasho linatoka, misuli inacheza, mboni zinabana, mwisho kifua kinajaa majimaji na pumzi inakata. Atropini inakausha yale majimaji na kumwokoa mtu, lakini haikirudishi kimeng'enya. Mwili unakitengeneza upya polepole. Ndiyo maana mtu anaonekana mzima, anarudi shambani, halafu bomba mbili tu zinamwangusha vibaya kuliko zile tisa za mwanzo.

Mambo ya dharura, kwa wote wanaosoma: mtoeni shambani, mvueni nguo zote mpaka za ndani, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia. Anayemwosha avae glavu, akikosa avae mifuko ya nailoni mikononi. Nimeshapokea mgonjwa na mkewe aliyemsaidia, wote wawili wanatapika. Kama dawa imemezwa, msimtapishe, maana yale mafuta ya kuyeyushia yakiingia mapafuni ni balaa jingine. Msimpe maziwa wala mafuta. Njooni na chupa, au piga picha ya lebo.

Na tukifika hapo nami naungama kwa niaba ya wenzangu: msimu wa nyanya, kijana akija anatapika na kutoka jasho, mkono unakwenda wenyewe kwenye kipimo cha malaria. Semeni mlangoni, kabla ya kuulizwa: "Alikuwa anapiga dawa."

---

MamaMatenga:

Nesi ahsante, nimemsomea kwa sauti. Amenuna, ila amekubali.

Kaunta, alipimia kifuniko. Kukoroga anatumia kijiti, ila nimemuuliza vizuri akakubali kwamba kijiti kikikosekana hutia mkono. Glavu hana. Na kwenye chupa kweli hakuna maandishi, nilichokuwa najua ni "ile nyeupe kali". Daktari aliponiuliza dawa gani nikaona aibu.

Hilo jaribio nitalifanya kesho asubuhi.

---

KauntaYaZamani:

Aibu si yako. Ngoja nimalizie la chupa.

Lebo ndiyo nusu ya dawa. Pale chini pana mstari wa rangi: nyekundu ni sumu kali kabisa, njano inafuata, kisha bluu, kisha kijani. Hiyo ni kwa asiyejua kusoma, na hata kwa anayejua ila hana miwani. Pana jina la kiambato chenyewe, ambalo ndilo daktari alilihitaji, maana majina ya biashara ni mengi kama majina ya saluni. Pana tarehe ya kuisha muda. Pana siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Na pana namba ya usajili. Ukipimiwa kwenye chupa ya maji, vyote hivyo vimebaki nyuma ya pazia la mwenye duka, pamoja na ushahidi kama ni feki.

Kisheria, tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, mwenye dhamana ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Ngaramtoni, Arusha, pale ilipokuwa TPRI, taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu. Kiuatilifu kisichosajiliwa nao hakitakiwi kuuzwa, na duka linatakiwa liwe na kibali. Kibali hicho kinabandikwa ukutani. Siku hizi nikiingia duka geni, macho yangu yanakwenda ukutani kabla ya kwenda kwenye rafu. Kufungua kopo na kugawa rejareja hakuruhusiwi, na sisi tuliokuwa tunafanya tulijua, ndiyo maana ya lile gunia la pumba.

Hoja ya hela naielewa sana. Lakini uliza pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani, za mililita 50 na 100 zipo. Kwa mililita inakuja ghali kidogo. Unanunua na lebo.

Kuhusu mavazi sitakutajia vitu vya kwenye picha za semina ambavyo hakuna anayevaa Ilula saa sita mchana. Nitakutajia nilivyovaa mwenyewe miaka ya mwisho. Glavu za naitraili ndefu, za kupigia dawa (zile nyembamba za hospitali zinachanika, za kitambaa zinanyonya). Nilikuwa naziosha kwa sabuni zikiwa bado mkononi, ndipo nazivua. Shati la mikono mirefu. Gambuti, na suruali nje ya gambuti. Ukiichomeka ndani, kila kinachotiririka mguuni kinaingia kwenye kiatu na unakanyaga dawa mpaka jioni. Na mgongoni, kati ya bomba na shati, kipande cha nailoni nene nilichokata kwenye mfuko wa ndani wa mbolea, nikakitoboa shingo. Watu walinicheka, wakaniita padri.

Kupima nilitumia kikombe chenye mistari, nikiwa nimeupa kisogo upepo, kopo liko chini, siyo nimelinyanyua usawa wa uso. Anza saa kumi na mbili na nusu, saa tatu na nusu uwe umemaliza. Jua likipanda jasho linafungua ngozi, na dawa yenyewe inapeperuka.

Chupa ikiisha, suuza mara tatu, na yale maji ya kusuuzia mimina ndani ya bomba uyapige shambani. Ni hela yako ile. Kisha toboa chupa. Isije ikarudi nyumbani kubebea mafuta ya taa au, Mungu apishe mbali, maziwa.

---

Mkulima_wa_Mwea:

Pole dada, nakuandikia kutoka Kirinyaga, Kenya. Sisi pia tuko na huyo mdudu.

Nataka kuongeza moja ambalo wenzangu hawajagusa. Mbona bomba tisa? Kiwavi wa kantangaze hukaa *ndani* ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, pale unapoona mabaka kama karatasi. Dawa ya kugusa inabaki juu yake, yeye anaendelea kula. Mkulima anaona haikufanya kazi, anaongeza kipimo, anapiga tena baada ya siku nne. Huenda kijana wako alikuwa anaumia bure. Weka mitego ya harufu ya jike, ile ya sahani ya maji, ujue nondo wameanza lini. Chuma majani yenye mabaka uyazike. Ukipiga, uliza dawa inayopenya jani, na usirudie ile ile msimu mzima: kwenye lebo nyingi kuna namba ya kundi, badilisha namba, siyo jina la kopo tu. Huku tuliwahi kubadilisha majina matatu, kumbe kundi ni moja.

Na usifikirie dawa iliyosajiliwa leo itabaki hivyo. Klorpirifosi Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea muda mwaka wa 2020, na 2025 ikaingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule uliobana DDT. Kopo la zamani kwenye stoo ya baba halina habari hiyo.

---

Kahawa_Tupu:

Haya, nimesoma yote. La mrututu narudisha. Ila mzee alikuwa na meno yake yote, hilo sirudishi.

---

MamaMatenga:

Nimerudi na majibu ya shati.

Alivaa shemeji yangu, mdogo wangu akawa anaamuru akiwa amekaa kwenye ndoo. Maji matupu, mistari mitatu, saa kumi na mbili asubuhi na baridi yake, hakuna jasho. Shati lilikuwa la sare ya shule, jeupe. Alipovua nikalitandaza juu ya tenga. Limelowa kuanzia mabegani kwa mstari mwembamba, kisha chini, kiunoni, doa kubwa kama sinia, limeshuka mpaka kwenye suruali. Mkono wa kulia, ule wa kushika kitufe, umelowa mpaka kiwiko. Mbele kifuani, palipokuwa tunapaogopa, pakavu kabisa.

Mdogo wangu akalishika lile doa la kiunoni akasema, "Hapa ndipo huwa panawasha usiku." Miaka minne hajawahi kuniambia panawasha.

Fundi wa baiskeli amelifungua bomba. Mpira wa pampu umekatika nusu, na ule wa kwenye kitufe haupo kabisa, mtu aliwahi kuziba kwa uzi. Mipira miwili imetugharimu shilingi elfu moja na mia tano. Nailoni ya padri nimeshakata, tena mbili. Ile chupa ya maji imefungwa ndani ya ndoo yenye mfuniko juu ya dari, bwana shamba amesema atanielekeza pa kuipeleka.

Limebaki moja. Mistari ya juu ilipigwa Jumatano na dawa ambayo sikuijua jina. Nimerudi kwa yule muuzaji, nikamwambia anitolee kopo lenyewe nisome, akasita, akalitoa. Mstari wa njano. Profenofosi. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa ni 14. Dalali wangu alikuwa amepanga lori la Dar kesho, matenga arobaini. Nimempigia nimemwambia ya juu hayachumwi mpaka wiki ijayo, achukue ya chini ambayo haikupigwa, kumi na mawili tu.

Amekata simu. Nimempigia tena hapokei. Matenga kumi na mawili tunayachuma hivyo hivyo, shemeji anajua dalali mwingine pale Ruaha Mbuyuni.